Mama kaambiwa ana taifodi mara ya nne tangu Januari. Daktari unamuulizaje bila kuonekana mjuaji?

CherehaniMsamvu (Jumapili, saa 10:40 jioni)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za Jumapili.

Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa Msamvu, Morogoro. Umeme umekatika na gauni la mtu la send-off liko nusu, basi nimeona nitoe dukuduku langu hapa.

Mama yangu ana miaka 64. Sukari anaishi nayo mwaka wa kumi na moja, na presha pia. Anakaa Mikese na shamba lake. Akizidiwa namfuata namleta kwangu, akipata nafuu anang'ang'ania kurudi. Tangu Januari mpaka huu mwezi wa nane ameambiwa ana taifodi mara nne, na mara mbili kati ya hizo wakaongezea UTI. Dalili ni zilezile: mwili kuchoka, viungo kuuma, mdomo mkavu, usiku anaamka kwenda chooni mara tano au sita. Homa siwezi kusema anayo. Sijawahi kumshika nikamkuta wa moto. Anatolewa damu, baada ya nusu saa karatasi inatoka imeandikwa TO sijui ngapi, TH sijui ngapi, tayari ni taifodi. Mara vidonge, mara sindano siku tano, na kila sindano ni bodaboda kwenda na kurudi. Anapata nafuu wiki mbili tatu, tunaanza upya.

Safari hii ya nne ilikuwa Jumatano. Akaandikiwa sipro, ile antibayotiki, za siku kumi. Ijumaa alfajiri mwanangu ananigongea, bibi anaongea vitu havieleweki. Namkuta kalowa jasho chepechepe, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mashine ya kupima sukari tunayo, kaka aliinunua. Nikampima: 2.6, imeshuka mno. Mnaouguza watu wa sukari mnaijua hiyo namba ni ya kufanya nini. Nikamnywesha soda ya chungwa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya wageni, taratibu, na baada ya muda akarudi kuwa mama yangu. Neno lake la kwanza: "Mbona umefungua soda ya wageni?"

Asubuhi nikamrudisha hospitali (siitaji, sitafuti ugomvi). Tukakuta daktari mwingine, kijana. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, dokta, hii taifodi mbona haiishi? Akasema ni sugu. Nikauliza tena, na sukari kushuka haiwezi kuwa ni hizi dawa mpya? Akaweka kalamu chini. "Wewe umesomea wapi?" Nikamwambia nimesomea VETA, ushonaji. Akacheka, nesi akacheka, mama akanifinya paja. Akasema dozi imaliziwe. Nje mama alinisema mpaka stendi: daktari haulizwi, daktari si fundi nguo umwambie punguza hapa ongeza pale.

Hilo la fundi nguo ndilo limenikaa kooni. Mteja wangu akivaa gauni akasema kwapa linambana, sijawahi kumuuliza kasomea wapi. Kitambaa chake, mwili wake, hela yake. Namfumulia.

Sasa naomba mnisaidie. Taifodi inaweza kweli kurudi mara nne kwa miezi minane? Na ninyi mnaongeaje na madaktari mkasikilizwa? Mama yuko kwenye bima ya kaka, ni mwalimu, kwa hiyo hela siyo shida kubwa. Shida ni mdomo.

---

BabuWaKihonda

Mimi taifodi yangu ina miaka saba. Mwakani naiandikisha darasa la kwanza.

Pole sana mwanangu. Wenye fani wanakuja.

---

DarubiniMbeya

Dada, mimi niko maabara mwaka wa tisa, na hicho kipimo kinanitia aibu kuliko vyote ninavyofanya.

Kinaitwa Widal, jina la Mfaransa aliyekitoa mwaka 1896. Tangu wakati huo dunia imeota magari na simu, sisi bado tunacho. Ujue kwamba hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Askari hao hawarudi kambini vita ikiisha. Wanabaki kwenye damu miezi, hata zaidi. Pita uwanja wa Nanenane wiki mbili baada ya sherehe, utakuta maganda ya miwa kila mahali. Yanakuambia watu walikuwepo. Hayakuambii kama bado wapo.

Zile namba, 1:80, 1:160, ni kiasi cha kuizimua damu huku bado inaonyesha kugandamana. Kwa sisi tuliokunywa maji ya visima na kula matunda ya barabarani tangu utoto, 1:80 au 1:160 unaweza kuikuta kwa mtu mzima wa afya anayecheza mpira. Chanjo ya taifodi inaweza kuipandisha. Ndugu wengine wa mdudu huyohuyo wanaipandisha. Malaria nayo inaweza kukuchanganyia majibu. Ndiyo maana kama mtu ataitumia Widal vizuri, anapima leo na anarudia baada ya siku kama kumi aone imepanda mara nne au vipi, tuseme kutoka 1:80 hadi 1:320. Niambie, nani anarudia? Mgonjwa ameshameza dawa na ameenda zake.

Kipimo kinachomtafuta mdudu mwenyewe ni kuotesha damu. Mtu mzima anatolewa damu ya kutosha, mililita nane mpaka kumi, kabla hajaanza antibayotiki, inawekwa kwenye chupa maalumu na inasubiriwa siku kadhaa. Ya kuchoma kidole haioteshwi. Ukiletewa majibu ndani ya nusu saa, ujue hawajaotesha chochote.

Nina ombi moja. Zile karatasi nne za mama bado unazo? Zipange kwa tarehe, tusomee namba.

---

TabibuWaZamu

Nitawaudhi kidogo, ila niacheni niseme.

Mimi ni tabibu. Siku ya Jumatatu mpaka saa nane mchana nimeshaona watu sitini. Nusu yao wanaingia na ugonjwa wameshauchagua: "Dokta, naomba nipime taifodi." Ukimwambia sioni taifodi, nenda kapumzike, unywe maji, anatoka amenuna, na jioni anachomwa sindano mtaani. Huu mchezo tunaucheza wote wawili, siyo daktari peke yake.

Lakini mwenzangu alikosea kuuliza umesomea wapi. Kwa hilo naomba radhi kwa niaba ya koti letu.

Ukitaka kusikilizwa, usianze na dhana, anza na tarehe. Uliposema "haiwezi kuwa ni hizi dawa?" ulimpa jambo la kubishana nalo. Ungesema: "Dokta, sipro alianza Jumatano. Ijumaa alfajiri sukari 2.6, alitokwa jasho na kuchanganyikiwa. Dawa zake nyingine ni hizi hapa." Halafu ukanyamaza. Hayo ni maelezo ya mgonjwa, na sisi tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba hayo ndiyo nusu ya kazi. Akishasikia, muulize swali lisilo na mtego: "Kama isiwe taifodi, kitu gani kingine kinaleta dalili kama hizi?" Daktari mvivu kuliko wote duniani akiulizwa hivyo, kichwa chake kitaanza kufanya kazi chenyewe. Na usitoke bila kujua unarudi lini, na ukiona nini urudi kabla ya hapo.

Jingine, na hili linaniuma. Watu wanasema jambo zito wakiwa wameshashika kitasa cha mlango. Dakika zote wanaongelea kiuno, wakishasimama ndiyo "halafu dokta, jana nilizimia." Litangulize.

Na kadi ya kliniki ya sukari mnaingia nayo OPD, kwa wagonjwa wa nje? Wengi hawaingii nayo. Kliniki ile na chumba changu ni majirani tusiosalimiana. Usipoileta kadi, mimi sijui mama anameza nini.

---

DirishaLaDawa

Mfamasia hapa. Dada, kabla ya hayo yote: mama anameza dawa gani za sukari? Na sipro bado anaendelea nazo? Nijibu haraka.

---

CherehaniMsamvu

Glibenklamidi ya 5 asubuhi na jioni, metformini, na amlodipini ya presha. Sipro anaendelea, leo ni siku ya tano. Kadi ya kliniki hapana, hatujawahi kuingia nayo, huwa iko Mikese.

---

DirishaLaDawa

Basi funga kibanda. Usingoje kesho. Mpeleke mama kwa daktari wa zamu jioni hii hii, weka pakiti ya sipro na ya glibenklamidi mezani, mwambie namba ile 2.6.

Naeleza kwa nini. Glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini, iwe mtu amekula au hajala. Sipro na dawa za ukoo wake zikikutana nayo, sukari inaweza kuporomoka, na inajulikana, siyo ya mtaani. Kwa mtu mzima ambaye hamu ya chakula imeisha kwa kuumwa, hatari inaongezeka, hasa figo zikiwa zimechoka. Tena glibenklamidi yenyewe: orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka wazi kwamba haifai kwa aliyevuka miaka 60, ikaichagua gliklazidi ya ukoo huohuo. Hilo liulizeni kliniki. Msibadilishe wenyewe nyumbani, sukari ikipaa nayo inalaza watu.

Soda ilikuwa sahihi, kwa sababu alikuwa anameza. Siku nyingine mpime tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini rudia, halafu ale chakula. Lakini akiwa amezimia au hamezi, usimmiminie kitu mdomoni, kitapita njia ya hewa. Hapo ni kukimbia hospitali.

Na mkienda popote, bebeni dawa zote ndani ya mfuko, hata za mafua, hata ile chupa ya mizizi aliyopewa na shoga yake. Ningesema rambo ila zimepigwa marufuku tangu 2019, basi bebeni kapu.

---

CherehaniMsamvu (saa 3:15 usiku)

Tumerudi. Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mtulivu. Nilifanya kama Tabibu alivyosema: tarehe, namba, kapu mezani, nikanyamaza. Akashika pakiti mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu, akaguna. Sipro amezisimamisha palepale, sukari akaipima, akasema kliniki ya sukari ni Alhamisi twende na kila karatasi tuliyonayo. Hakuniuliza nimesomea wapi. Asanteni sana, nimelia kidogo kwenye bajaji.

---

MvitaBarani

Dadangu, hata huku kwetu Mombasa ni yaleyale, kila mwenye mwili mzito aambiwa ana taifodi. Sisi Kenya tuna mkataba wa haki za wagonjwa tangu 2013, na ndani yake mna haki ya kwenda kutafuta rai ya daktari wa pili. Wengi hatuujui, na ukiujua waona haya kuutaja. Mimi mamangu nimpelekapo huwa twaingia watu wawili, mimi naongea, ndugu yangu aandika. Ukiwa na hofu masikio hufunga, ukitoka nje hukumbuki hata moja. Mwenye kuandika ndiye akumbukaye.

---

CherehaniMsamvu (wiki mbili baadaye)

Narudi kama nilivyoahidi, ingawa sikumbuki kama niliahidi.

Karatasi nilizipata Mikese, kwenye kopo la biskuti pamoja na stakabadhi za mbolea. Darubini, hizi hapa kwa tarehe: 1:160, 1:160, 1:80, 1:160. Miezi minane, sindano kumi, antibayotiki za aina tatu, namba imekaa palepale kama jiwe. Nilipozipanga mezani hata mimi wa VETA niliona.

Daftari nilitumia lile langu la vipimo vya wateja, ndilo lililokuwa karibu. Ukurasa mmoja kifua 38, kiuno 34, ukurasa wa pili sukari za mama asubuhi na jioni. Alhamisi tukaingia kliniki. Daktari alisoma ukurasa wote, akarudi juu akausoma tena, ndipo akamgeukia mama. Hakunigeukia mimi. Akamuuliza mambo mawili ambayo miezi minane hakuna aliyeuliza. La kwanza: mkojo wa usiku ni mwingi, au ni kidogo kidogo na unachoma? Mama akasema mwingi, kama ng'ombe, na hauchomi. La pili: dawa unameza kila siku?

Hapo mama akaangalia dari.

Jamani. Kumbe metformini inamsumbua tumbo, inamkimbiza. Na shambani kwake choo hakuna. Kwa hiyo siku za shamba hamezi, na msimu wa shamba ni kila siku. Anameza akija kwangu. Akija kwangu anameza zote kwa wakati, anakula kwa saa, anapumzika, baada ya wiki mbili "taifodi imepona". Akirudi Mikese taifodi inaanza. Ile nafuu niliyokuwa nashukuru sindano ilikuwa ni choo changu cha ndani.

Nikamuuliza mbona hukusema siku zote? Akasema nitamwambiaje kijana wa umri wa mjukuu wangu habari za kuharisha. Nimejifunza kitu hapo, nilikuwa nawalaumu madaktari hawaulizi, na sisi tulikuwa tumekalia jibu.

Wakampima ile HbA1c, sukari ya miezi mitatu: 11.2. Daktari akaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba uchovu, mdomo mkavu na safari za chooni ni sukari yenyewe iliyokaa juu muda mrefu. Kuhusu kuotesha damu alisema kwa sasa hana homa, haoni sababu. Mkojo umepimwa, safi. Glibenklamidi imeondolewa, kapewa gliklazidi. Metformini kapewa ile inayoyeyuka taratibu, aimeze na chakula cha jioni, siyo asubuhi ya kwenda shamba. Nikauliza turudi lini na nikiona nini tuwahi. Akaniandikia kwenye daftari kwa mkono wake, chini ya vipimo vya bibi harusi.

Mama je? Njiani hakufurahi. "Daktari mzima, hata sindano moja." Juzi mwanangu kaniambia bibi alimtuma duka la dawa akaulize bei ya sindano za taifodi, "kwa ajili ya jirani."

---

BabuWaKihonda

Mwambie bibi asihangaike kununua, mimi namgawia ya kwangu, imeshafika darasa.

Ila bila utani, wiki hii nimefukua karatasi zangu. 1:80 miaka saba mfululizo. Nimekaa nazo hapa barazani naziangalia.

---

TabibuWaZamu

Babu, hizo karatasi nenda nazo kwa daktari, na useme kinachokusumbua hasa, siyo jina la ugonjwa.

Dada, hiyo 2.6 imewahi kujirudia?

---

CherehaniMsamvu

Hapana. Leo asubuhi 7.9. Kajipima mwenyewe na kaandika mwenyewe, ila kakosea ukurasa, kaiweka kwenye vipimo vya mteja wa Ijumaa, mstari wa kiuno.